Picha ya mbwa wa Kongo, mfuko wa nani?

*Ulaya na Marekani kuna watu wanaolisha familia zao kwa kupiga picha za mbwa, na mmoja wa mbwa wanaopendwa sana na kamera zao asili yake ni Kongo. Kasongo na Kabambare mbwa wapo, wapiga picha wapo. Kinachokosekana ni mteja, na akipatikana, mkataba.*

Mbwa hatulii. Mwenyewe, mwindaji wa kijiji kimoja kando ya barabara ya Kabambare, amechuchumaa nyuma yake na kumshika kiunoni. Kila kamera ikiinuliwa, mbwa anageuza shingo kumtafuta bwana wake. Kengele ya mti iliyofungwa shingoni inagonga ko, ko, ko. Jua limeshapanda. Mbwa ni mweusi, ukuta wa nyumba ni wa udongo mwekundu, na kwenye kioo cha kamera mnyama anaonekana kama shimo lenye masikio mawili yaliyosimama.

Mpiga picha analala kifudifudi vumbini. Watoto wanaangua kicheko. Anamwomba mwindaji aache kumshika mbwa, aje asimame nyuma ya kamera, na ndagala mmoja mkavu mkononi, juu kidogo ya lenzi. Mbwa anainua macho. Mara moja kila kitu kinakaa mahali pake: masikio, makunyanzi ya paji la uso, mkia uliojikunja juu ya mgongo. Shata inalia.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ngumu, nayo haihusu kamera. Mwindaji anataka kujua picha inakwenda wapi na nani atalipwa. Mpiga picha, ambaye kazi zake za kila siku ni foto za paspoti, harusi na sherehe za shule, anakuna kichwa.

Mhariri aliponiagiza niandike kuhusu kazi ya kupiga picha za mbwa kibiashara kusini mwa jimbo la Maniema, niliona ananitania. Mtu gani wa Kasongo analipia picha ya mbwa? Lakini swali la mwindaji lina historia ndefu, na fedha nyingi zimepita ndani yake bila kugusa huku.

Mteja halipii karatasi

Katika nchi tajiri, mpiga picha wa mbwa ana wateja wa namna mbili. Wa kwanza ni mwenye mbwa, anayetaka picha kubwa ya kutundika sebuleni; huyo hulipia kikao na nakala, kama bibi harusi wa hapa. Wa pili ni kampuni: watengenezaji wa chakula cha mbwa, wa dawa za viroboto, wa mikanda na vitanda vya wanyama, kampuni za bima, wachapishaji wa kalenda, na hata wauza magari na viatu. Hawa wa mwisho hawana shughuli na mbwa. Wanajua tu kwamba mbwa huvuta jicho la mnunuzi.

Mteja wa pili ndiye mwenye fedha, na fedha zake hazilipii karatasi. Analipia matumizi. Picha itaonekana wapi, kwa muda gani, katika nchi ngapi, kwenye pakiti, kwenye bango la barabarani au kwenye simu? Mkataba ukisema mwaka mmoja katika nchi moja, mwaka ukiisha kampuni inarudi mezani. Mpiga picha anaweza kulipwa mara tatu au nne kwa picha aliyoipiga asubuhi moja.

Mwaka 1974 mpiga picha Elliott Erwitt alipewa kazi mjini New York ya kutangaza buti za wanawake. Badala ya kupiga buti kwa usawa wa macho ya mtu, alishusha kamera mpaka chini, usawa wa mbwa mdogo aina ya Chihuahua aliyevalishwa kofia ya sufu. Ndani ya fremu kuna mbwa huyo mzima, miguu ya mwanamke ndani ya buti, na miguu mirefu ya mbwa mwingine mkubwa ambaye mwili wake hauonekani. Ni hayo tu.

Leo ni nani anayekumbuka kiwanda kilichouza buti zile? Picha yenyewe imeingia vitabuni, kwenye kadi za posta na kuta za majumba ya sanaa. Erwitt, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa mwanachama wa Magnum, ushirika wa wapiga picha ulioundwa mwaka 1947 kwa msimamo mmoja mgumu: aliyepiga picha ndiye mwenye hakimiliki, hata kama kazi iliagizwa na mwingine. Tangazo lilikufa, picha ikaendelea kumlipa aliyeipiga.

> Mpiga picha anaweza kulipwa mara tatu au nne kwa picha aliyoipiga asubuhi moja.

Mbwa aliyesafiri bila sisi

Kati ya mbwa wanaopendwa na wapiga picha wa nje yupo basenji, mbwa mwembamba wa Kongo, masikio juu, mkia pete, uso wenye mikunjo ya mtu anayewaza deni. Habweki kama mbwa wengine, ingawa sauti anayo.

Wazungu walimwonyesha kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Crufts, Uingereza, mwaka 1895. Mbwa wale walikufa kwa ugonjwa muda mfupi baadaye. Ilimbidi Mwingereza Olivia Burn alete wengine kutoka Kongo miaka ya 1930, na mwaka 1937 walipoonyeshwa Crufts walivuta watu wengi. Mwanamke mwingine, Veronica Tudor-Williams, akaendeleza uzao huo. Kufikia mwaka 1956 Hollywood ilikuwa imeshatoa filamu nzima, *Good-bye, My Lady*, ambayo nyota wake ni basenji.

Kisha damu ikapungua. Mbwa wote wa nje walitokana na wachache waliovuka bahari, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukawaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani, akina Jon Curby na Michael Work, walifunga safari hadi Zaire kutafuta mbwa wapya vijijini, upande wa kaskazini mwa nchi. Mwaka 1990 chama cha wafugaji wa mbwa cha Marekani kilifungua daftari lake la uzao ili kuwapokea wageni hao.

Tuwe waangalifu hapa. Mbwa hao hawakutoka Maniema, na mbwa wa mwindaji wa Kabambare hana cheti cha ukoo. Ni mbwa wa kijiji, mwenye umbo linalofanana na la yule wa Crufts kwa sababu msitu mmoja na kazi moja ya kuwinda vimewalea wote wawili. Mpiga picha akimwuzia mteja picha hiyo kwa jina la basenji, anauza kitu asichokuwa nacho.

Ila jambo moja ni la kweli kwa mbwa wote wawili. Kalenda, vitabu na matangazo yenye sura hiyo yamepigwa nchi za mbali, kwenye studio zenye taa na zulia. Mwindaji aliyemlea babu wa babu wa mbwa yule hajawahi kuonekana hata kwenye kona ya picha.

Malaika, mbwa na ukuta wa sebuleni

Kasongo ina sababu zake za kutopiga picha za mbwa, na zinastahili kuheshimiwa.

Mji huu ulikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, na baadaye ya mwanawe Sefu. Majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliuteka Aprili 1893. Kasongo ya kale, pale Tongoni, ilibaki magofu, lakini dini na lugha vilibaki vinatembea. Mpaka leo Maniema ya kusini ni ngome ya Uislamu nchini Kongo, na Kiswahili chake kina harufu ya Pwani hata kama kimeshalala na Kikusu na Kibangubangu.

Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ipo pia hadithi mashuhuri kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa au picha. Picha ya mbwa iliyotundikwa sebuleni, basi, inakusanya yote mawili kwa msumari mmoja. Yule mteja wa kwanza wa Ulaya, mwenye mbwa anayetaka fremu ukutani, Kasongo mjini hatumpati, na sioni sababu ya kumlilia.

Lakini dini hiyo hiyo imemwachia mbwa mlango. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa, na wanazuoni wanamruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda shamba. Ndiye mbwa wa Kabambare haswa. Hulala nje, hapandi kitandani, hana jina la mtoto. Ana kazi. Kengele yake ya mti inamwambia bwana wake mbwa yuko wapi nyasi zinapokuwa ndefu kuliko mtu.

Kuhusu picha zenyewe, wanazuoni hawajakubaliana, na simu zimeshaamua kwa niaba yao. Vijana wanapigana picha mbele ya msikiti siku ya Idi na kuzituma Kindu, makao makuu ya jimbo, kabla ya swala ya adhuhuri.

Wageni nao walikuja Afrika na mbwa wao. Henry Morton Stanley, aliyepita Kabambare na Kasongo mwaka 1876, alitoka Uingereza na mbwa watano na kamera. Mbwa wote watano walikufa njiani kabla ya safari kufika Atlantiki.

Paundi 100 za Barraud

Nembo ya mbwa iliyoenea kuliko zote katika nchi za Waswahili haikupigwa kwa kamera. Ilichorwa. Mchoraji Mwingereza Francis Barraud alikuwa amerithi mbwa wa kaka yake, Nipper, na miaka michache baada ya mbwa huyo kufa mwaka 1895 akamchora ameinamisha kichwa kusikiliza sauti inayotoka kwenye mashine. Mwaka 1899 Kampuni ya Gramophone ilimlipa paundi 50 kwa mchoro na paundi nyingine 50 kwa hakimiliki yote.

Hapo biashara ya Barraud na mbwa wake ikaisha kisheria. Nipper akageuka nembo ya dunia nzima, kwenye mabamba, magramafoni na milango ya maduka. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, aliirekodia kampuni hiyo ya nembo ya mbwa. Nyumba za Waislamu wa Unguja, ambazo zisingemruhusu mbwa kuvuka kizingiti, zilifungulia santuri.

Barraud aliendelea kuichorea kampuni nakala za mchoro wake mwenyewe, 24 kwa jumla. Baadaye ikamwekea pensheni, na hilo ni la kuishukuru. Ila pensheni ni hisani ya mtu mwingine. Haki ni kitu unachodai ukiwa umesimama.

Weka Barraud upande huu na Erwitt upande ule, halafu mtazame mpiga picha wa Kasongo. Anafanana na nani?



Kazi inavyofanywa Kasongo

Mpiga picha wa hapa anauza kopi. Kamera yake, mara nyingi ya mtumba, imetoka Bukavu, Goma au Lubumbashi. Umeme wake ni wa sola au wa jenereta ya jirani, na betri ya pili ni mali ya kuficha. Harusi, ubatizo, kumaliza shule, msiba. Bei inatajwa kwa kopi moja, na wanaomzunguka wote wana simu zinazopiga picha bure.

Kazi yenye mshahara wa kueleweka hutoka kwa mashirika. Gari linafika, kuna semina au ugawaji wa vyandarua, wanatafuta mtu wa kupiga picha. Analipwa kwa siku. Jioni anaambiwa aweke picha zote kwenye flashi. Anaweka, anasaini risiti, anashukuru. Miezi inapita, picha yake inatokea kwenye ripoti iliyochapwa Ulaya, jina la shirika chini yake, jina lake halipo.

Sheria haijamtupa. Amri ya sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za watunzi nchini Kongo, inazihesabu picha za kamera kuwa kazi ya mtunzi. Haihitaji mpiga picha aende Kinshasa kuandikisha picha ya mbwa. Tatizo ni kwamba sheria haiketi mezani wakati flashi inatolewa, na mteja anayeshika fedha ndiye anayeandika karatasi, kama ipo.

Mashirika yana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Fedha ni za wafadhili, ripoti haina faida, na ofisa aliye Kindu hawezi kumtafuta mpiga picha kila anapotaka kuchapa kipeperushi upya. Wanataka picha walizolipia ziwe zao, mambo yaishe. Ni hoja nzuri kwa semina. Kwa bango litakalokaa miaka, au kampeni ya kuchangisha fedha nchi za nje, ni hoja dhaifu: ofisi ile ile haiwezi kumwambia aliyeikodisha kompyuta au gari lake kwamba akishalipwa mara moja aache mali yake.

Mteja wa Maniema ni kichaa cha mbwa

Kama chakula cha mbwa cha makopo hakiuzwi Kasongo, ni nani basi ataagiza picha ya mbwa kibiashara? Jibu langu: afya.

Kichaa cha mbwa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza hakuna tiba. Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakatika. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kimataifa ya ugonjwa huu.

Kampeni za namna hiyo zinahitaji mabango. Mabango yanahitaji mbwa. Na hapa picha inakuwa na uzito ambao ile ya sabuni au soda haina.

Mabango mengi ya kale yanaonyesha mbwa ametoa meno, povu mdomoni, macho mekundu. Yanatisha, na mtu aliyetishwa hatafuti chanjo, anatafuta rungu. Wataalamu wa afya wameshasema kwamba kuua mbwa kwa wingi hakumalizi ugonjwa: wapya huingia kujaza nafasi, na waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa. Bango linalofaa linamwonyesha mbwa anayefanana na wa nyumbani, mzima, kamba shingoni, mwenye mbwa pembeni yake. Mwindaji akiliona, amjue mbwa wake.

Kupiga picha hiyo ni ufundi. Mbwa mweusi huidanganya kamera: kipimo cha mwanga huona giza na kuongeza mwanga mpaka ukuta unaungua, kwa hiyo mpiga picha hupunguza kwa mkono. Mbwa mweupe ni kinyume chake. Fokasi inawekwa kwenye jicho lililo karibu. Mbwa anayekimbia anahitaji shata ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Aliyetulia, 1/250 inatosha, ila mbwa aliyetulia ni ahadi ya muda mfupi. Mapema asubuhi na alasiri ndipo jua linapomhurumia mnyama na mpiga picha. Mchana kati mbwa anahema, ulimi nje, na picha zote zinatoka na sura ya uchovu.

Msaidizi ana thamani kuliko lenzi. Studio za Ulaya zina mtu ambaye kazi yake ni mbwa tu: kumweka, kumwita, kumpa kidogo cha kula, kumpumzisha. Huku mtu huyo ni mwindaji mwenyewe. Hakuna mwingine ambaye mbwa atamsikiliza, na bila yeye mpiga picha anarudi mjini na mikia mitupu.

Halafu kuna meno. Mbwa akibana mkia, akijiramba midomo bila chakula, akigeuza jicho mpaka weupe uonekane, kamera ishushwe. Mpiga picha anayetaka kuishi kwa kazi hii apate chanjo ya kinga mapema, kabla ya kuumwa. Akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo. Kutoka vijiji vya Kabambare, mvua ikiwa imekata barabara, pikipiki inaweza kutumia siku nzima kwa safari hiyo. Gharama ya kinga inatakiwa iwemo kwenye bei ya kazi, kwa mstari wake. Sijaona anayeiweka.

Wateja wengine wapo, wachache. Hifadhi ya Virunga ilianzisha mwaka 2011 kikosi cha mbwa wa kunusa nyayo za majangili, na picha za mbwa hao na walinzi wao zimeisaidia hifadhi kujulikana na kuchangiwa duniani. Kwa hiyo picha ya mbwa wa kazi aliye Kongo inauzika. Imeshauzika.

Mwindaji naye ana hofu yake

Picha inayompendeza mteja inaweza kumtia mwenye mbwa matatani.

Uwindaji nchini unatawaliwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na bonde la Luama lina eneo la uwindaji linalosimamiwa na serikali. Mwindaji wa kijiji, mbwa wake na mkuki wake, bila kibali chochote, akionekana kwenye bango lenye jina la kijiji, amejishitaki kwa picha yake mwenyewe. Watu wa uhifadhi watasema anayevunja sheria hana haki ya kufichwa. Mwindaji atasema nyama ya mezani ilikuwepo kabla ya sheria. Mpiga picha hawezi kuwaamulia, ila anaweza kuacha mkuki nje ya fremu na jina la kijiji nje ya maelezo. Anayeona kwamba hilo ni kudanganya hajawahi kuulizwa na mke wa mwindaji kwa nini mumewe amekamatwa.

Usalama nao una sauti. Upande wa Salamabila, wenye dhahabu ya Namoya, umeishi miaka mingi na wapiganaji wa Mai-Mai Malaika na wanajeshi wanaowafuata. Mtu mwenye lenzi ndefu anayelala kifudifudi porini anaweza kueleweka vibaya na pande zote. Barua ya kazi yenye muhuri, salamu kwa shefu wa kijiji, na kutopiga kamwe kizuizi, daraja au mgodi: hayo yanajulikana na kila mwandishi wa hapa, lakini wakala wa matangazo aliye Kinshasa, anayetaka mandhari mapana nyuma ya mbwa, hayajui.

Karatasi ya kurasa mbili

Mkataba wa kazi kama hii unaenea kwenye kurasa mbili. Aseme mteja picha ni ngapi, zitatumika wapi, mpaka lini. Jina la mpiga picha liandikwe. Malipo ya siku yawe mbali na malipo ya matumizi, na usafiri, betri na chanjo viwe na mistari yao. Flashi iwe na picha zilizochaguliwa tu. Zilizobaki zikae kwa aliyezipiga.

Ukurasa wa pili ni wa mwenye mbwa. Mawakala wa Ulaya hudai idhini yake iliyosainiwa, kwa kuwa mnyama ni mali. Kabambare idhini hiyo isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili au Kibangubangu, mbele ya shefu, na mwindaji alipwe kama msaidizi wa mbwa, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi hiyo. Sidhani soda na mkono wa asante vinatosha. Mpiga picha anayelalamika kwamba shirika limemnyonya, kisha akamlipa mwindaji kwa pakiti ya sigara, amejifunza upande mmoja tu wa somo.

Hapa baadhi ya wapiga picha watapinga. Watasema bei ikipanda namna hiyo mteja atakimbia, na wana haki ya kuogopa, kwa sababu mteja ana pa kukimbilia. Kwenye mtandao kuna maghala ya picha za mbwa kwa dola chache: basenji msafi, ameoshwa, amelala kwenye zulia la mtu huko Marekani. Anaweza kubandikwa kwenye bango la chanjo la Maniema bila mtu kutoka ofisini. Yameshatokea mengi ya namna hiyo kwenye mabango ya watoto na ya mahindi.

Bango hilo litakuwa rahisi, na mwindaji wa Kabambare atalipita bila kusimama, maana hana mbwa wa zulia. Hoja hiyo ni ya fedha, wala si ya huruma, na inafaa ipelekwe kwa mteja ikiwa na picha tatu au nne za mfano zilizopigwa hapa hapa. Bajeti za tarehe 28 Septemba hufungwa mapema. Anayeitaka kazi awe na bei yake mezani kwa ofisi za Kindu kabla bango halijachorwa Kinshasa.